Ndugu Yake Muuguzi

Nomuka, Ha'apai
4 Machi 1986

Mwanangu Uaisele,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Siniva, na kwamba ujauzito wake haumsumbui sana. Huku hatujambo. Bibi yako bado hainuki kitandani, lakini ulimi wake una nguvu kuliko wa wengi tunaotembea. Jana alimtuma mchungaji akamtafutie samaki, na mchungaji akaenda. Baba yako amemaliza kupanda viazi vikuu. Safu za mbele amezitenga kwa ajili ya kanisa, na anadai mgongo haumsumbui, jambo ambalo si kweli. Mashelisheli yameanza kuiva.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Umekwisha kumwona mwanangu Sosaia hapo hospitalini kwenu, najua, maana meli iliyomchukua ilifika huko wiki mbili zilizopita. Nilitaka nimlete mwenyewe, lakini bibi yako hana mtu mwingine wa kumgeuza na kumwosha. Kwa hiyo alikuja na askari wawili. Mmoja nilimfundisha darasa la tatu. Nilimwomba asimfunge mwanangu kamba mbele za watu, akaniitikia vizuri kabisa. Walipokwisha kupanda meli akamfunga. Nilikuwa bado nimesimama gatini.

Nakueleza hali yake kwa sababu faili halitakueleza. Ilianza mwaka jana baada ya mavuno, alipoacha kulala. Akasema wafu wa makaburini wanapiga ngoma ndani ya meno yake. Tulimpeleka kwa mama anayetibu kwa majani, akatulia kwa muda, kisha ikarudi. Hajampiga mtu. Alivunja dirisha la kanisa, ni kweli, na kesho yake alilitengeneza mwenyewe, kwa sababu useremala hakuusahau, kisha akaenda nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Kila akipata nafuu huona aibu sana. Wanaomwogopa hawajawahi kumwona akiwa na aibu. Wewe utamwona, basi uwaeleze wenzako.

Mimi ni shangazi yako, na yeye ni mtoto wa shangazi yako. Sihitaji kukufundisha maana yake, uliijua kabla hujajua kusoma. Kwa haki hiyo alikuwa akiingia nyumbani kwenu na kuchukua anachotaka. Hata baiskeli yako aliichukua, nawe hukusema neno, ukaenda kulia nyuma ya jiko. Leo funguo zote unazo wewe. Nakuagiza uwe mdomo wake. Akisema jambo lisiloeleweka, wewe lifafanue. Na waambie wazi kwamba ni ndugu yako, kwa kuwa mgonjwa mwenye ndugu ndani ya hospitali hatukanwi ovyo.

Nijibu kwa meli ijayo.

Shangazi yako,
Kalolaine


Tongatapu
23 Machi 1986

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako kwa furaha na kwa unyenyekevu. Siniva hajambo ila miguu inamvimba, na mama yake amehamia kwetu kumsaidia, kwa hiyo nyumba imejaa mikeka na nyimbo za kanisa. Msalimu bibi sana. Mwambie baba anisubiri Desemba nije kumsaidia kuvuna, asiinue vikapu peke yake.

Mimi kazini mambo ni mazuri. Inasemekana kuanzia Juni nitafanywa msaidizi wa Sista Pisila, ambaye ndiye mkuu wa Wodi ya Nyuma, hii ya wagonjwa wa akili. Bado haijatangazwa.

Yote uliyoagiza, Shangazi, nimeyafanya. Mgonjwa anaendelea vizuri. Anakula, analala, anapata sindano zake kwa wakati. Wenzangu wanamtendea kwa upole. Usiwe na wasiwasi kabisa.

Nina ombi dogo. Ukituma kifurushi tafadhali kipitie nyumbani kwangu, kisiende hospitalini, na juu yake uandike jina langu tu. Ni utaratibu wa hapa.

Wako mtiifu,
Uaisele


Nomuka
15 Aprili 1986

Mwanangu Uaisele,

Amani ya Pasaka iwe kwenu. Sisi tuliimba vizuri, ingawa sauti nzito za wanaume zimepungua tangu Sosaia aondoke, na kiongozi wa kwaya alitazama mahali pake mara mbili katikati ya wimbo. Nguruwe wa baba yako amezaa. Bibi anauliza mtoto wenu ataitwa nani, na amekwisha kuchagua jina, kwa hiyo msijisumbue.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha, nisamehe. Ukurasa mzima hukuandika jina la Sosaia hata mahali pamoja. Uliandika "mgonjwa".

Wiki iliyopita Hulita, jirani yetu, alirudi kutoka huko alikokwenda kutibiwa jicho. Nilikuwa nimemwomba apite kumsalimu mwanangu. Hawakumruhusu kuingia, lakini alisimama penye uzio wa waya, na wagonjwa walikuwa nje wakiota jua. Nakuandikia alichokisikia, nawe unisahihishe kama kakosea.

Anasema Sosaia alikuwa amekaa chini, amejikunja, mikono yote miwili tumboni. Wewe ukapita na sinia la dawa. Sosaia akaita, "Ndugu yangu! Uaisele, ndugu yangu, njoo kwanza!" Hukugeuka. Muuguzi mmoja kijana akapiga kofi akicheka, "We Uaisele, ndugu yako anakuita!" Mwingine akasema, "Kweli wanafanana, tazama masikio." Wakaangua kicheko. Na wewe, anasema Hulita, ulitikisa kichwa ukacheka, ukasema, "Huyu kila mtu ni ndugu yake."

Hulita ana jicho moja tu zima, lakini masikio yote mawili anayo.

Sikukemei. Nataka kuelewa kwanza, na karatasi haina haraka. Lakini lipo jambo lisiloweza kusubiri: lile tumbo. Sosaia hajawahi kulalamikia mwili wake, hata alipojikata kidole na msumeno alikizungushia kitambaa akaendelea na kazi. Akijikunja namna hiyo, ana maumivu. Nakuagiza, na hili nalisema kama shangazi yako, daktari amtazame tumbo. Amguse kwa mkono wake, asimtazame kwa mbali. Uniandikie kama limefanyika.

Kalolaine


Tongatapu
7 Mei 1986

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa, meli ya kwanza iliharibika ikiwa bado bandarini. Siniva hajambo. Mama yake ametengeneza mkeka mzuri wa mtoto. Jina alilochagua bibi tumelipokea.

Kuhusu tumbo: ndiyo, Shangazi. Daktari amemtazama. Amempa dawa, na anaendelea vizuri.

Kuhusu aliyoyaeleza Hulita sina cha kusahihisha. Nakueleza sababu, ukiniruhusu.

Tulikuwa na muuguzi mwenzetu anaitwa Akosita, hodari kuliko sisi sote. Mdogo wake aliletwa Wodi ya Nyuma, naye hakuficha, alimfulia nguo na kumchana nywele mbele ya kila mtu. Tangu siku ile kila dawa aliyopima Akosita ilipimwa upya na mtu mwingine. Akikasirika, kama mtu yeyote anavyokasirika, wenzake walitazamana. Niliwasikia wakisema, "Damu ni moja, itamfikia tu." Mwisho Sista Pisila akamwomba funguo za kabati la dawa, kwa upole kabisa, eti apumzike. Siku hizi yuko Nyuzilandi anafanya kazi ya kufungasha matunda.

Si watu wabaya, Shangazi, ndiyo maana ni vigumu kukueleza. Sista Pisila huwaombea wagonjwa wote kila asubuhi, mmoja mmoja, kwa jina. Akisema Amina anachukua funguo na kutuambia, "Haya, tukawafungulie wanyama wetu." Feleti, yule kijana anayecheka, huosha vidonda vya miguu ya wazee vyenye funza bila kuziba pua. Lakini vikombe vya Wodi ya Nyuma tumevipaka rangi nyekundu kitakoni visije vikachanganyika na vyetu, kama vile wazimu unaweza kunywewa pamoja na chai. Nami hunywa kwenye vikombe visivyo na rangi.

Na iko familia ya Siniva. Unakumbuka kabla ya ndoa walipouliza kama ukoo wetu una kichaa. Wewe ndiye uliyewajibu kwamba hakuna. Wakati ule ilikuwa kweli. Sasa mama mkwe analala chumba cha pili, mimi nitaanzia wapi kumweleza?

Jumapili humpelekea Sosaia majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, nawaambia wenzangu ni sadaka ya kanisa letu. Hunitazama, hula, hasemi kitu. Nadhani anaelewa. Jumapili iliyopita hakula.

Wako mtiifu,
Uaisele


Nomuka
20 Mei 1986

Mwanangu Uaisele,

Mungu akubariki. Uliposema daktari amemtazama nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Nilisimama kanisani nikawatangazia wote, na baba yako, ambaye huwa hasemi, alisema "Afadhali" kwa sauti.

Jumapili ya watoto ilipita vizuri. Wajukuu wa Hulita walisahau maneno yao mbele ya kanisa zima wakaanza kusukumana. Mkubwa akamwambia mdogo, "Sema wewe, mimi nimesema mwaka jana!" Bibi yako, niliyemsimulia kitandani, alicheka mpaka nikamshika mgongo.

Nilikuwa nimekwisha kufunga begi. Hulita alikubali kukaa na bibi, nami nilikuwa nije kwa meli ya wiki hii nisimame mlangoni kwenu mpaka daktari anisikilize. Barua yako imenituliza. Kwa kuwa ametazamwa na dawa amepata, na bahari imechafuka, nitakuja mwishoni mwa Juni, mtoto akiwa amezaliwa, niwaone wote pamoja.

Suala la wakwe zako si dogo na sitalifanya dogo. Niliwajibu kwa nilichokijua siku ile. Nikija, mimi ndiye nitakayezungumza na mama yake Siniva, wewe utakaa jikoni. Lakini juu ya wenzako wa kazini nakuomba ufikiri. Wewe unaogopa wakujue. Sosaia amejulikana tayari, na hana pengine pa kwenda. Ugonjwa wa akili unampata mtu kama ugonjwa wa sukari unavyompata mtu, nanyi mmesomea hayo na mnayaandika kwenye mitihani. Nashangaa elimu inayoishia kwenye karatasi. Mwalimu hushangaa hivyo mara nyingi, lakini safari hii ni mwanangu.

Nimetuma viazi vikuu na mkeka mdogo. Vimeandikwa jina lako tu, kama ulivyotaka.

Kalolaine


Tongatapu
21 Juni 1986

Shangazi,

Natumaini bibi hajambo, na baba.

Barua yako ya tarehe 20 Mei na viazi vilinifikia niliporudi kutoka huko Nomuka, tulipokuwa tumekwisha kumzika Sosaia. Najua kifo chake ulikisikia redioni. Waliyasoma majina kabla sijapata namna ya kukuletea neno, na hilo pia ni kosa langu. Siku zote za msiba sikuweza kuzungumza nawe. Wewe ulikuwa ndani na mwili, mimi nyuma kwenye moto na wapishi, mahali panaponistahili mimi mtoto wa mjomba wake. Moshi ulinifaa.

Nakuandikia kilichotokea. Siniva amejifungua salama mtoto wa kike, naye amelala, kwa hiyo nyumba ni kimya na sina kisingizio.

Daktari hakumtazama tumbo. Sikumwomba amtazame. Nilikuandikia ndiyo kwa sababu uliniagiza, na wewe ni Shangazi, na kalamu yangu haikujua kuandika kitu kingine. Nilikusudia kumwomba wiki ileile ili ndiyo yangu iwe kweli kabla haijakufikia. Kisha nikafikiria maswali. Kwa nini huyu, Uaisele? Kwani huyu ni nani wako?

Dawa anazochomwa mgonjwa wa wodi ile hulegeza utumbo mpaka choo kinafunga. Kila muuguzi anajua. Tunatakiwa kuwauliza kila siku. Hatuwaulizi, kwa sababu tunasema hata wakijibu hawajui wanachojibu.

Wiki ile ya mwisho alimwita Sista Pisila, akasema kwa adabu, "Sista, tumbo linaniuma. Naomba unitazame."

Feleti akadakia, "Mwezi jana meno, mwezi huu tumbo. Keshokutwa atatuambia kivuli chake kina homa."

Sosaia hakukasirika. Akasema, "Meno yalikuwa ugonjwa wangu. Tumbo hili ni tumbo."

Wakacheka, Shangazi. Mtu hajawahi kusema neno la akili zaidi ndani ya jengo lile, na walicheka. Nilikuwa nikimbadilishia shuka. Nikaweka mkono tumboni mwake kama vile natengeneza shuka, na lilikuwa gumu kama ubao. Nilijua wakati uleule. Nikasema, "Sista, tumbo hili ni gumu."

Sista Pisila akanitazama akitabasamu. "Na wewe tena? Ndugu yako amekuambukiza?"

Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Alhamisi daktari alipita, akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Kuna jipya?"

"Hakuna, Daktari. Sosaia ana tumbo wiki hii, na anasumbua wenzake," akajibu Sista Pisila.

Daktari akaandika sindano ya kumtuliza iongezwe. Niliichoma mimi. Alinyoosha mkono mwenyewe, hakushikwa. Jumamosi asubuhi wakati wa kugawa chai akafa. Baadaye walimpasua, wakakuta utumbo ulikuwa umeziba na kupasuka. Daktari alisema angeletwa mapema angepona. Alisema hivyo mbele yetu sote, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilikwenda nyumbani. Nikamwambia Siniva mbele ya mama yake, "Aliyekufa ni mtoto wa shangazi yangu." Mama mkwe alikwenda chumbani akaniletea mkeka wa msiba, ule mkubwa wanaouvaa watu wa upande wa mjomba wa marehemu, uliochakaa, unaomfunika mtu kutoka kifuani mpaka kwenye vifundo. Akanifunga mwenyewe. Nikarudi hospitalini kuuchukua mwili nikiwa nimevaa mkeka huo.

Katika nchi hii hakuna asiyeusoma mkeka ule. Feleti alikuwa kwenye ngazi. Akaanza kusema, "Mzee, umefiwa na nan..." Sista Pisila alitoka na faili mkononi. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Siku zote zile?"

"Siku zote."

Akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro kilichoachwa barazani. Nilidhani ataniomba radhi. Alisema, "Ungetuambia." Na mimi nilitaka kumjibu kwamba asingekuwa ndugu yangu bado angekuwa na tumbo, lakini mtu wa kusema maneno hayo si mimi.

Cheo wamenipa. Hawajaniomba funguo.

Uaisele


Nomuka
9 Julai 1986

Mwanangu Uaisele,

Natumaini mmeamka salama, na mtoto ananyonya vizuri. Baba yako amelichonga jina lake kwenye mlango wa jikoni kwa kisu, herufi moja ameigeuza, nimeiacha. Bibi, tuliyemhamishia kwa Hulita siku za msiba, hajaambiwa habari ya Sosaia. Kila asubuhi anauliza yuko wapi, namwambia anajenga nyumba ya watu huko Tongatapu. Anauliza kama amekula. Nasema ndiyo.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Nilitaka kukuandikia kwa hasira, na nilikuwa na haki. Wewe ulimgusa tumbo. Watu wengine wote wa nyumba ile wanaweza kusema hawakujua, nami nitawajibu kwamba hawakutaka kujua. Wewe ulijua kwa kiganja chako. Kisha ukacheka. Hilo sitalifuta, wala usiniombe nilifute. Ni lako, utakwenda nalo.

Lakini kuna sehemu yangu, nami nimezoea kueleza mambo mpaka mwisho. Mtoto wa kaka hamwambii shangazi yake hapana. Ndivyo tulivyokulea, ndivyo nilivyolelewa, na niliona fahari kila ulipoinamisha kichwa ukisema ndiyo. Ningekuuliza kama mvua inanyesha, nami nimesimama kwenye jua kali, ungesema ndiyo, Shangazi, inanyesha. Nilijua hivyo. Nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba swali lenye jibu moja si swali, na lililonihusu kufa na kupona nikaliuliza namna hiyo. Sikuomba habari, nilitoa amri. Halafu utii wako nikaupokea kama habari, nikafungua begi nikarudisha nguo kabatini. Kama ningemwandikia mfagiaji wa hospitali nisiyemjua, mtu asiyenistahi hata kidogo, angeniambia ukweli, nami ningekuja.

Sikuandikii haya ili upate nafuu. Nakueleza tu mahali nilipo, kwa kuwa umenieleza mahali ulipo.

Waambie wenzako jambo moja kutoka kwangu, usilipambe. Waambie Sosaia alikuwa akijua anapochekwa. Alijua hapa kijijini, alijua kanisani, basi alijua na huko. Watu huambiana kwamba wagonjwa hawa hawasikii. Husikia vizuri kuliko sisi, na wanayahifadhi.

Sasa nina swali, na halinipi usingizi. Alipokufa asubuhi ile, alikuwa na mtu? Kuna aliyemshika mkono?

Usimjibu shangazi yako. Kwa barua hii moja sitaki kuwa shangazi wa mtu. Fikiri ni mama wa mgonjwa, humjui, kaja kusimama penye uzio, ameuliza. Mjibu kama unavyowajibu watu hao.

Kalolaine


Tongatapu
30 Julai 1986

Mama Sosaia,

Hapana.

Hakuwa na mtu. Feleti alimwekea kikombe chake sakafuni karibu na mlango, akaendelea na wengine. Mimi nilikuwa chumba cha dawa, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilimsikia akiita.

Hakuniita ndugu. Wiki ile yote alikuwa ameacha kuniita hivyo. Aliita, "Muuguzi. Muuguzi, tafadhali," kama wanavyoita wagonjwa wote.

Nikamaliza kupanga vidonge, kisha nikaenda.

Uaisele